Carl Akeley: Mtu Aliyeshindwa na Mkuki Akabuni Kamera

Utangulizi

Msafiri anayetoka Athi River kuelekea Kajiado kupitia Kitengela na Isinya hupita katika uwanda ambao zamani haukujua mpaka. Siku hizi pande zote mbili za barabara pana maduka ya vifaa vya ujenzi, nyumba za kupangisha, nyua za seng'enge na mabango ya viwanja vinavyouzwa. Hata hivyo, mwenye jicho makini bado anaweza kuwaona punda milia, swala au twiga wakilisha mbali, nyuma ya nyaya. Hao ni masalio ya makundi makubwa yaliyokuwa yakihama kila mwaka kati ya nyika za Kaputiei na viunga vya Nairobi, yakifuata mvua na majani mabichi.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, uwanda huu wa Athi na Kapiti ulimpokea mgeni mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuua wanyama ili waonekane kuwa hai. Huyo ni Carl Akeley wa Marekani. Wengi wanaomfahamu humfahamu kwa wanyama wake waliosimamishwa katika majumba ya makumbusho ya Chicago na New York. Wachache hukumbuka kwamba ndiye pia aliyebuni kamera iliyobadilisha namna ya kunasa mwendo katika filamu.

Makala haya yanasimulia maisha ya Akeley kwa kuyahusisha na historia ya awali ya picha zinazosonga. Dai letu ni kwamba kamera ile, ingawa iliundwa New York, chimbuko lake lilikuwa Afrika Mashariki. Waliomfunza mbunifu wake kile ambacho mashine ilipaswa kukiweza ni vijana wa mikuki wa nchi hii. Mashine ilipewa jina la Akeley; wao hawakupewa hata mstari mmoja juu yake.

Malezi na uanagenzi

Carl Ethan Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika shamba la wazazi wake huko Clarendon, jimbo la New York. Familia yake haikuwa na mali, na elimu yake ya darasani haikwenda mbali. Alichojaliwa ni jicho la kuwatazama ndege na wanyama wa porini, pamoja na mikono isiyochoka kuunda vitu. Angali kijana alianza kujifundisha kukausha ngozi za ndege na kuwarudishia maumbo yao. Mnamo 1883, akiwa na umri wa miaka 19, alipata kazi katika kampuni ya Ward mjini Rochester, ambayo ilikuwa ikiyauzia makumbusho wanyama waliokaushwa.

Kazi aliyoikuta huko haikumridhisha. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuning'iniza ngozi ya mnyama na kuishindilia majani makavu mpaka ijae, mfano wa mtu anayejaza godoro. Mnyama aliyetoka hapo alikuwa na miguu kama magogo na tumbo kama gunia. Mtazamaji aliijua ngozi, lakini hakumjua mnyama. Hata hivyo, ni katika kampuni hiyo ambapo Akeley alishiriki kazi iliyompa sifa ya kwanza. Jumbo, ndovu wa Afrika aliyekuwa maarufu katika sarakasi za Marekani, alipogongwa na garimoshi nchini Kanada mwaka 1885, Akeley alikuwa miongoni mwa waliomsimamisha upya.

Mwaka 1886 alihamia Milwaukee, na mnamo 1890 akakamilisha katika makumbusho ya mji huo onyesho la wanyama wadogo wa majini wakiwa katika makazi yao: maji, matete, shimo na chakula. Halikuwa onyesho kubwa, lakini lilidhihirisha wazo ambalo angelifuata maisha yake yote, kwamba mnyama hawezi kueleweka akiondolewa mahali anapoishi. Kutoka Milwaukee alijiunga na makumbusho ya Field mjini Chicago.

Huko Chicago alikamilisha mbinu yake. Badala ya kujaza ngozi, alianza kwa kuusimamisha mfupa wa mnyama, kisha akaufinyangia mwili wote kwa udongo, msuli kwa msuli, kama afanyavyo mchongaji. Juu ya udongo huo alitengeneza kalibu ya plasta, na ndani ya kalibu akaunda gamba jembamba na jepesi lililofuata kila mkunjo wa mwili. Ngozi ilivishwa mwishoni kabisa. Kwa njia hii mnyama alionekana akipumua, akisikiliza au akijiandaa kukimbia.

Ni muhimu kuzingatia tatizo lililobaki. Mchongaji, hata awe hodari vipi, hulazimika kuchagua nukta moja tu ya mwendo na kuachana na nyingine zote. Simba wa Akeley angeweza kuwa karibu kuruka, hangeweza kuruka. Ili kulielewa jibu alilolitafuta baadaye, inafaa tutazame kwa ufupi jinsi picha zilivyoanza kusonga.

Jinsi picha zilivyoanza kusonga

Mtoto wa shule anayechora kijitu katika kona ya kila ukurasa wa daftari, kisha akazipeperusha kurasa kwa kidole gumba, huwa amerudia ugunduzi mkubwa. Kila mchoro umetulia. Kinachosonga ni kile ambacho jicho na akili hukiunganisha pale michoro inayotofautiana kidogo inapofuatana upesi. Mnamo 1832 Joseph Plateau wa Ubelgiji alitumia kanuni hiyo kutengeneza kisahani chenye michoro ukingoni na mianya ya kuchungulia. Kilipozungushwa mbele ya kioo, wachezaji waliochorwa walionekana kucheza. Miaka miwili baadaye Mwingereza William Horner alieleza kifaa cha namna ya pipa lililo wazi juu, ambalo watu kadhaa waliweza kulitazama kwa pamoja. Vibonzo vinavyosonga, basi, vilitangulia filamu kwa zaidi ya nusu karne.

Hatua ya pili ilikuwa kutoka kwenye mchoro hadi kwenye picha ya kamera. Mnamo 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuka farasi alipoipita. Picha zake zilithibitisha kwamba farasi anayekimbia kasi huwa na nukta ambapo kwato zote nne zimeiacha ardhi. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kifaa chenye umbo la bunduki kilichopiga picha 12 kwa sekunde moja, akakielekezea ndege warukao. Tarehe 28 Desemba 1895 ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu mjini Paris mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio.

Tukizitazama hatua hizi kwa makini tunagundua jambo moja. Farasi wa Muybridge alikimbia katika njia iliyopangwa, na watu katika filamu za kwanza za ndugu Lumière walipita mbele ya kamera isiyoondoka mahali pake. Katika hali hizo, kamera ilisubiri na mwendo ukaja wenyewe. Je, kama mwendo haukubali kuja? Swali hilo Akeley alikutana nalo Afrika.

Nyanda za Athi

Safari yake ya kwanza barani mwetu ilikuwa ya Somalia mwaka 1896. Huko alishambuliwa na chui jike aliyemjeruhi mkono, naye akamuua kwa mikono mitupu baada ya kumkandamiza kwa magoti hadi mbavu zikavunjika. Picha yake akiwa na bandeji, kando ya chui huyo aliyening'inizwa, ilimjengea jina la ushujaa huko kwao.

Mwaka 1905 alikuja katika nchi ambayo leo ni Kenya, akiwa na mkewe Delia. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imepita katika nyanda za Kapiti na Athi miaka michache tu kabla yake, na wageni wa wakati ule waliwahesabu wanyama kutoka madirishani mwa garimoshi. Akeley alianza kukusanya wanyama katika uwanda wa Athi, kabla ya kuelekea Bonde la Ufa na misitu ya Mlima Kenya. Miaka minne baadaye, Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameacha urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka katika stesheni ya Kapiti kuanza msafara wake wa uwindaji. Uwanda wa Wamaasai wa Kaputiei ukawa mlango ambao wawindaji na wapiga picha wa dunia waliuingilia.

Katika safari ya 1905 Akeley alimwajiri kijana mdogo wa Kikuyu, Wimbia Gikungu, ambaye Wazungu walimbandika jina la Bill. Kijana huyo alikuja kuwa mbeba bunduki wake na kuandamana naye tena katika safari za baadaye. Akeley alimsifu mno katika maandishi yake kwa uhodari wa kufuata nyayo na kwa ujasiri. Hata hivyo, mpaka leo kumbukumbu nyingi humtaja kwa jina alilobandikwa.

Ndovu wawili wanaopigana, waliotokana na safari hiyo, husimama katika makumbusho ya Field hadi leo. Katika kipindi hicho hicho, akiwa na haja ya chombo cha kurushia plasta, Akeley alitengeneza bomba lililotumia hewa iliyoshindiliwa. Chombo hicho kilikuja kuwa bomba la kurushia saruji, na hataza yake aliipata mwaka 1911. Mbinu hiyo ingali inatumiwa na wajenzi ulimwenguni kote. Mtu aliyefika kuchunguza swala akawa amewaachia waashi zana.

Ndovu na mkuki

Safari ya 1909 hadi 1911, aliyotumwa na makumbusho ya New York, ndiyo iliyoyageuza maisha yake. Mwaka 1910, katika miteremko ya Mlima Kenya, ndovu dume alimshambulia ghafla. Akeley alishika pembe mbili za ndovu huyo na kujirusha katikati yake. Ndovu akamkandamiza ardhini. Pua na mbavu zake zilivunjika, shavu likapasuka, na waliokuwa naye wakadhani amekwisha. Delia, aliyepata habari akiwa mbali, alisafiri msituni akamfikia na kumwokoa. Akiwa kitandani kwa majuma mengi, Akeley alipata wazo la ukumbi mmoja mkubwa ambao ungeonyesha wanyama wa Afrika pamoja na mandhari yao, kabla mandhari hayo hayajatoweka.

Katika safari hiyo hiyo alibeba kamera ya filamu. Roosevelt alikuwa ameshuhudia vijana wa Kinandi wakimzingira simba na kumchoma kwa mikuki, na Akeley alitaka kulinasa tukio la namna hiyo katika filamu. Aliwakodi Wanandi huko Uasin Gishu, akafuatana nao kwa majuma kadhaa. Wao waliifanya kazi yao barabara. Simba walizingirwa, mikuki ikaruka, na simba wakaanguka. Kamera ndiyo iliyoshindwa.

Sababu za kushindwa huko ni za kiufundi, nazo zinafaa kuelezwa. Mpiga picha wa wakati ule aliusogeza utepe wa filamu kwa kuzungusha mpini kwa mkono, mizunguko miwili kwa sekunde, ili apate picha 16 katika kila sekunde. Kuigeuza kamera kushoto au kulia kulihitaji mpini wa pili. Kuiinua au kuiinamisha kulihitaji mpini wa tatu. Binadamu ana mikono miwili tu. Isitoshe, simba anayezingirwa hakimbii kwa mstari ulionyooka. Hugeuka, hurudi, hujirusha upande ambao hakuna aliyeutarajia. Mkuki nao huondoka mkononi na kufika kabla mpiga picha hajaupata mpini unaofaa. Akeley alipomaliza kuielekeza kamera, tukio lilikuwa limekwisha na simba amelala.

Wahenga walinena kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Akeley angeweza kuwaomba Wanandi waigize polepole mbele ya kamera. Alichagua kuilaumu mashine. Alirudi Marekani akiwa na azma ya kuunda kamera ambayo ingeufuata mwendo popote uendapo, kwa urahisi ule ule ambao mwindaji huielekeza silaha yake.

Kamera ya Akeley

Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa, na hataza ilitolewa mwaka 1915. Kamera iliyotokea haikufanana na nyingine. Umbo lake lilikuwa la duara, kiasi kwamba watumiaji waliifananisha na chapati nene. Tunaweza kuzitaja sifa zake nne zilizojibu kushindwa kule kwa Uasin Gishu.

Kwanza, mpini mmoja ulitosha kuigeuza kamera pande zote, kushoto na kulia, juu na chini, kwa mkupuo mmoja. Ndani yake mlikuwa na gia zilizozungusha gurudumu zito kwa kasi, na uzito wa gurudumu hilo ukalainisha mwendo na kuzuia mtikisiko. Mkono wa pili ukabaki huru kuusogeza utepe.

Pili, ilikuwa na lenzi mbili zilizolingana, moja ya kupigia picha na nyingine ya kutazamia, zilizorekebishwa kwa pamoja. Mpiga picha aliona kitu kikiwa wazi au kikififia sawasawa na jinsi utepe ulivyokiona. Tundu la kutazamia nalo lilibaki penye jicho lake hata kamera ilipoinuliwa kumfuata ndege angani.

Tatu, kilango cha kupitisha na kuziba mwanga kilikuwa kipana kuliko cha kamera za kawaida. Kamera nyingine ziliruhusu mwanga kwa takriban nusu ya mzunguko au chini ya hapo. Hii iliruhusu kwa nyuzi 230 kati ya 360. Faida yake ilionekana kwenye kivuli cha msitu na wakati wa alfajiri, saa ambazo wanyama huonekana zaidi.

Nne, utepe ulikaa katika kisanduku kilichotayarishwa mapema, hivyo kuubadilisha porini kulichukua muda mfupi. Kisanduku kilibeba utepe wa takriban mita 60, sawa na dakika tatu na ushei za filamu.

Kamera iliyobuniwa kwa ajili ya simba ikapata kazi nyingine upesi. Jeshi la Marekani liliitumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Robert Flaherty aliibeba hadi kaskazini mwa Kanada alipotengeneza filamu yake Nanook of the North, iliyotolewa mwaka 1922 na ambayo wahakiki huihesabu miongoni mwa misingi ya filamu za hali halisi. Mpiga picha mashuhuri Paul Strand alijipatia riziki kwayo. Watengenezaji wa filamu huko Hollywood waliitumia kufuatia farasi, magari na ndege za vita. Mtazamaji wa leo anayeona kamera ikimfuata mwanariadha uwanjani bila kumpoteza anaona kitu kilichotafutwa kwanza katika nyika za Kenya.

Gorila wa Mikeno

Mwaka 1921 Akeley alikwenda Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, kuwatafuta gorila wa milimani katika volkano za Virunga. Alikwenda kwa nia mbili zilizopingana. Makumbusho yalihitaji gorila wa kusimamishwa, kwa hiyo yeye na wenzake waliwaua watano. Wakati huo huo alibeba kamera yake, na katika Mlima Mikeno akapata filamu ya kwanza kabisa ya gorila wakiwa huru katika makazi yao.

Filamu hiyo ilikuwa fupi, nayo ilionyesha wanyama wakilisha na kupanda miti kwa utulivu, tofauti kabisa na majitu makatili yaliyosimuliwa na wawindaji wa karne iliyotangulia. Akeley mwenyewe aliguswa. Aliporudi, alianza kumshawishi Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji awatengee gorila eneo la hifadhi. Tarehe 21 Aprili 1925 Mbuga ya Taifa ya Albert ilitangazwa. Ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Virunga. Sensa iliyotangazwa mwaka 2019 iliwahesabu gorila wa milimani 1,063 katika makazi yao yote. Haitakuwa chuku kusema kwamba huenda hesabu hiyo ingekuwa sufuri bila hifadhi ile.

Safari ya mwisho

Mwaka 1926 Akeley alirudi Afrika Mashariki kwa mara ya mwisho, akiwa na mke wake wa pili, Mary Jobe, na wachoraji wa mandhari. Mmoja wa waliogharimia msafara alikuwa George Eastman, mwasisi wa kampuni ya Kodak ya Rochester, mji ule ule ambao Akeley aliuanzia kazi. Mtu wa utepe wa filamu na mtu wa kamera wakakutana katika nyika moja.

Wakiwa Tanganyika pamoja na wapiga filamu Martin na Osa Johnson, walinasa tukio ambalo Akeley alilikosa miaka 15 iliyotangulia. Safari hii walikodiwa vijana wa Kipsigis, ambao Wazungu wa wakati ule waliwaita Walumbwa. Simba walichomwa mikuki, na kamera haikubaki nyuma. Sehemu ya picha hizo iliingia katika filamu Simba ya akina Johnson, iliyotolewa mwaka 1928.

Akeley hakuiona filamu hiyo. Kutoka nyikani alielekea Kongo kutafuta mandhari ya onyesho la gorila. Alipanda Mikeno akiwa mgonjwa, na tarehe 17 Novemba 1926 akafariki katika kambi ya Kabara, akiwa na umri wa miaka 62. Alizikwa papo hapo. Mary Jobe aliikamilisha kazi ya msafara. Ukumbi aliouota kitandani ulifunguliwa New York mwaka 1936 na kupewa jina lake. Una maonyesho 28, na katikati yake linasimama kundi la ndovu wanane. Mwaka 1967 mtafiti Dian Fossey alianza utafiti wake wa gorila katika uwanda huo huo wa Kabara, karibu na kaburi hilo.

Tathmini na hitimisho

Maisha ya Akeley hayakubali hukumu ya upesi. Wahakiki, hasa Donna Haraway katikati ya miaka ya 1980, wamemshutumu kwa kuigeuza Afrika kuwa kabati la kioo ambamo wanyama wamo na wenyeji hawamo. Shutuma hiyo ina mashiko. Katika maonyesho yake uwanda umejaa mbuga na milima, lakini Mmaasai aliyechunga ng'ombe kando ya punda milia hao hao haonekani. Kadhalika, filamu ilimfanya kijana wa mkuki kuwa tamasha la watu wa mbali, wala haikumpa jina.

Kwa upande mwingine, yeye ndiye aliyekiri kwa vitendo kwamba ustadi wa vijana hao ulikuwa umeizidi mashine. Hakuwapunguzia wao mwendo, aliiongezea mashine. Tunaposoma historia ya teknolojia aghalabu tunaambiwa kwamba ujuzi ulitoka kwao ukaja kwetu. Kisa hiki kinatuonyesha njia ya kurudi. Ujuzi wa mkuki, uliorithishwa kwa vizazi bila maandishi, uliweka kipimo ambacho mhandisi wa New York alikihangaikia kwa miaka. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kukisimulia kisa hicho kwa lugha ambayo wajukuu wa vijana hao wanaielewa.

Jambo la mwisho linaturudisha Kitengela. Watafiti wamekadiria kwamba nyumbu wanaohama katika nyanda za Athi na Kaputiei walikuwa zaidi ya 30,000 mwaka 1978, na kwamba kufikia 2011 walikuwa wamepungua chini ya 5,000. Nyua, barabara na viwanja vimeikata njia yao. Akeley alihofu kwamba wanyama hawa wangekuja kuonekana katika makumbusho pekee, ndiyo maana akawasimamisha nyuma ya kioo. Hofu yake haijapitwa na wakati.

Hata hivyo, jibu la leo haliwezi kuwa lake. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, huko Kimana, tangu mwaka 2012 vijana wa Kimaasai wamekuwa wakishindana katika michezo iliyobuniwa ili ichukue nafasi ya uwindaji wa simba. Hukimbia, huruka juu na kurusha mkuki kwa shabaha. Mkuki bado unaruka kwa kasi ile ile iliyomshinda Akeley, na kamera siku hizi zinauweza mwendo wake. Kilichobadilika ni kwamba mwishoni mwa tukio simba yungali hai, na aliyerusha mkuki hutangazwa kwa jina lake.